Mtaa Uliobaki Ndani ya Geti

Jumatatu baada ya chai, fundi wa kompyuta wa ofisi ya ramani alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya Rula, tochi mdomoni, akitafuta waya wa bluu uliokuwa umejificha nyuma ya jozi mbili za viatu, mwavuli na ganda la ndizi lililokwisha kuwa jeusi. Rula hakujisumbua kunyanyua miguu. Alikuwa mchoraji ramani, mwanamke mrefu, mwembamba, aliyenyooka hata akiwa amekaa, na jina lilitokana na hapo. Wakati huo alikuwa akisogeza kituo cha basi.

"Taratibu basi," fundi alisema, tochi ikimcheza mdomoni. "Bado najaribu mtambo."

"Nakisogeza kidogo tu, dada. Kiko juani."

Akakisogeza. Chini barabarani, kituo kikatoka juani kikaingia kivulini, pamoja na benchi lake na watu waliokuwa wamekaa. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha akamhamishia mtoto kwenye titi la pili. Mzee aliyejifunika gazeti usoni akaliteremsha, akaanza kulisoma.

"Hii ndiyo ile njia ya moja kwa moja?" Rula aliuliza.

"Ndiyo."

"Ina mbio, jamani! Sijamaliza kubonyeza, watu wameshafika."

Kwamba ramani ikiguswa na mji unaguswa, hilo lilikuwa linajulikana, na hakuna aliyepoteza muda kulijadili. Enzi za karatasi ilikuwa hivyohivyo, ila ilibidi kusubiri wino ukauke, na mvua zikiwa nyingi daraja lingeweza kukaa nusu hadi wiki ifuatayo. Jipya lilikuwa ni masanduku. Ofisi ilikuwa imenunua masanduku matatu ya kuhifadhia mafaili, moja likawekwa ghala la chini, jingine katika chumba kilichokuwa jiko, la tatu juu kabisa kando ya tangi la maji. Kila mtaa ulikuwa na faili lake, kila faili lilikatwakatwa vipande, na kila kipande kikahifadhiwa katika sanduku zaidi ya moja, ili sanduku moja likigoma mengine yaendelee kuushikilia mji. Mpaka hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulikuwa wachoraji wayafikie vipi mafaili hayo. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila kompyuta inawekewa programu ndogo inayoongea na masanduku yote yenyewe, moja kwa moja, bila kumwomba mtu. Ya pili ilikuwa ni Geti. Geti lilikuwa kompyuta kuukuu iliyowekwa juu ya meza koridoni, karibu na mlango wa nyuma, na kazi yake ilikuwa kupokea maombi ya watu wote, kwenda kuwachukulia mafaili kwenye masanduku, na kurudi nayo. Lilikuwa na feni iliyokoroma. Lilikuwa na skrini yake, ambayo mwananchi yeyote angeweza kuitazama. Na lilikuwa na tabia ya kushika kitu na kutokiachia upesi.

Mkurugenzi, ambaye kila mtu alimwita Mkubwa, na aliyependa kuitwa hivyo, alitaka njia moja tu.

"Mbili za nini?" alimwambia fundi. "Mimi kwangu nina mlango mmoja, na sijawahi kulala nje."

Aliwahi kulala nje, na ofisi nzima ilijua, lakini fundi alisema sawa. Akapewa muda wa kuzijaribu zote mbili na kuchagua, na itakayoshindwa ichomolewe. Kwa ajili ya majaribio alihitaji faili moja ambalo angelifungua na kulifungua tena kwa kila njia, akitazama kama limekuja zima. Akachagua faili la mtaa wa shangazi yake. Hapakuwa na ujanja wowote. Alilelewa na shangazi huyo, dada wa baba yake, katika nyumba yenye madirisha makubwa na cherehani mlangoni, na alijua kila ngazi ya mtaa ule na kila bomba. Kama pangekosekana hata kizingiti angekiona mara moja.

Wiki ya majaribio ilikuwa ya raha tupu. Fundi hakukumbuka kama aliwahi kucheka hivyo kazini.

Kwa njia ya moja kwa moja mji ulikimbia sambamba na mkono wa mchoraji. Rula alipinda mkono kidogo akijikuna, na mtaro wa maji machafu ukazunguka nyumba ya mwalimu mmoja kama mkanda, ukarudi mahali pake kabla mwalimu hajamaliza kufungua mlango. Kifutio, mchoraji mwingine, bwana mpole mwenye kazi ya kuondoa kisichotakiwa, na mwenye mazoea ya kupuliza skrini kila akimaliza kufuta kana kwamba kuna makapi, aligeuza uwanja wa mpira juu chini. Timu iliyokuwa inafungwa ikajikuta inashinda, na refa akapuliza kipenga watu waende nyumbani.

Shida yake ilikuwa moja. Masanduku yalimpa mchoraji mmoja tu ruhusa ya kuchora faili, na mpaka amalize, kila kitu ndani ya faili hilo kilimsubiri. Rula akafungua faili la soko, kisha akaitwa chai, na huko kwenye chai kulikuwa na habari ya mpishi wa ofisi na yule mhasibu, habari ndefu yenye nyongeza. Soko lote likasimama. Nyanya ilibaki hewani kati ya mkono wa muuzaji na kikapu cha mnunuzi. Kuku alibaki na mguu juu. Kijana mmoja alikuwa ametia mkono katika mfuko wa suruali ya fundi viatu. Rula aliporudi na kulifunga faili, nyanya ikaanguka kikapuni, kuku akashusha mguu, na fundi viatu, ambaye alikuwa amepata muda mrefu wa kulifikiria jambo lile, akamkamata kijana kwa kifundo cha mkono.

Kwa Geti mambo yalikuwa mengine kabisa. Geti lilichelewa. Kifutio alifuta mzunguko wa barabara asubuhi, lakini Geti lilikuwa limeshika picha ya zamani, na mpaka alasiri dereva aliyeangalia ramani kwenye skrini ya koridoni aliukuta mzunguko upo na akauzunguka, wakati wengine wote walipita palepale moja kwa moja kama mshale. Hawakugongana. Kila mmoja alikuwa katika barabara yake. Fundi alisimama ukingoni akawatazama, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na askari wa usalama barabarani, aliyekuwa akiongoza magari yote, yale ya kuzunguka kwa mkono wa kulia na yale ya kunyoosha kwa mkono wa kushoto, akamwomba asogee nyuma kidogo.

Kwa haki, fundi alishaona jibu. Njia ya moja kwa moja ilikuwa na kasi, ilikuwa imara, na sanduku la jikoni lilipozimika kwa sababu mtu alichomeka birika kwenye plagi yake, mji haukutikisika hata bati. Geti lilikuwa kongwe. Watu wote wakipitia hapo lilihema, na likizimika hakuna aliyepata kitu. Ijumaa alikuwa akilijaribu kwa mara ya mwisho, faili la mtaa wa shangazi likiwa wazi, Mkubwa alipoita kwa sauti kwamba printa yake imemeza barua. Fundi akakimbia. Printa ilikuwa imemeza barua, ndiyo, na tai ya Mkubwa pia. Mpaka anamaliza kuitoa, ofisi ilikuwa inafungwa, na faili akaliacha vilevile.

Jumatatu iliyofuata alipita mezani kwa Kifutio kumwekea programu mpya, akaona kwenye skrini uwanja mweupe wenye mistari ya kuegesha malori. Akaukagua. Kushoto kulikuwa na kiwanda cha mabati, kulia ukuta wa shule. Kati ya vitu hivyo viwili fundi alikuwa amejifunza kutembea.

"Hapa palikuwa na mtaa," alisema.

"Palikuwa," Kifutio akakubali. "Nimeufuta Ijumaa jioni."

"Nani kasema?"

"Mkubwa. Ni uwanja wa malori wa shemeji yake." Akapuliza skrini kidogo. "Kuna neno?"

"Na watu je?"

Kifutio akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Mimi nilipewa mistari, dada. Watu hawakuwamo kwenye maelekezo."

Fundi alitoka mpaka koridoni, akapiga simu. Ikaita. Ikaita tena. Alikuwa ameshaanza kulia ilipopokelewa.

"Mbona unahema hivyo?" shangazi alisema. "Umepanda ngazi? Nilikuambia upunguze vitumbua."

"Shangazi! Uko wapi?"

"Kwangu. Niende wapi na mapazia ya watu yako mezani?"

"Chungulia dirishani. Unaona malori?"

"Malori gani? Namwona kinyozi anamnyoa mteja, na paka wa jirani amelala kwenye nguo zangu, mwana haramu huyu. Ila maji hayajatoka tangu Ijumaa. Huko kwenu mnajua lolote?"

Fundi akageuka akalitazama Geti. Lilikuwa linakoroma mezani, na kwenye skrini yake mtaa ulikuwapo, mzima, na ngazi zake zote. Hapo akaelewa, na akaona aibu kwamba hakuelewa mapema, maana ndilo somo la kwanza katika kazi yake. Faili likifutwa wakati kuna aliyelifungua, masanduku hayalitupi. Jina lake linaondolewa, wengine wote hawalioni tena, lakini lenyewe linabaki kwa yule aliyelishika, mpaka siku atakapolifunga. Geti lilikuwa limelishika tangu Ijumaa. Alilipapasa juu, pale penye joto, akaliambia asante.

Kisha akautazama mtaa kwenye skrini ile, akatoka kwa mlango wa nyuma, akatembea. Kwa mtu aliyetokea njia nyingine, kati ya kiwanda na shule palikuwa na malori. Yeye aliukuta mtaa. Shangazi alikuwa mlangoni, miwani puani, futi ya kupimia shingoni, na fundi akamkumbatia kwa nguvu hadi pini za kushonea zikamchoma bega.

"Kuna nini leo?" shangazi akauliza.

"Mmefutwa, shangazi."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Ndiyo maana," shangazi akasema. "Vikombe vinatikisika kila asubuhi. Nikadhani ni tetemeko." Upande ule mwingine, lori lilikuwa likirudi nyuma katikati ya sebule. Vikombe vikatikisika, vikatulia. Shangazi akaweka birika motoni.

Kuanzia siku hiyo koridoni hapakukalika. Waliokuwa kazini au safarini Ijumaa ile walikuwa wamezunguka uwanja wa malori siku tatu wakitafuta nyumba zao, na mlinzi alikuwa amechoka kuwaambia kwamba hajui. Fundi aliwaita wapite ofisini. Kila jioni walipanga foleni mbele ya Geti, wanafunzi na mabegi, mwuguzi na sare yake, baba mmoja na godoro kichwani, kila mtu akautazama mtaa wake kwenye skrini, akatoka kwa mlango wa nyuma, akafika kwake. Kwa vile mabomba yalikuwa yamekauka, walijaza ndoo kwenye bomba la ofisi wakapita nazo. Walitaniana. Walibebeana watoto. Aliyekuwa mrefu aliwasomea wafupi. Rula alianza kuchelewa kurudi kwake kwa sababu foleni ile ilikuwa na soga kuliko chai.

Mkubwa akapita siku moja akakuta ndoo.

"Hawa ni nani?"

"Wananchi, Mkubwa," fundi akasema. "Wanaangalia ramani."

"Safi sana. Nilijua siku moja watazipenda huduma zetu." Akawapungia mkono, akaenda zake.

Lakini siku ya uamuzi ilifika, na hapo fundi alikuwa roho juu. Alikuwa amekaa mwisho wa wiki nzima akitunga uongo. Alipanga kusema kwamba Geti ni imara, kwamba uchelewaji wake ni usalama, kwamba masanduku hayapendi kuzungumzishwa na watu wengi kwa mpigo. Aliuzungumza uongo huo mbele ya kioo mpaka akauamini nusu. Kikao kikaitishwa koridoni kwenyewe, Mkubwa, Rula na Kifutio wakiwa wamesimama mbele ya meza ya Geti, na fundi alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa, Rula akamwahi kwa nia njema kabisa.

"Mkubwa, ngoja nikuonyeshe hii ya moja kwa moja. Utapenda." Alikuwa na kompyuta ya mkononi. Akabonyeza. Dirishani, mnara wa saa wa upande wa pili wa barabara ukahamia karibu ili Mkubwa aone saa bila miwani.

"Maajabu," Mkubwa akasema, akaangalia saa. "Chakula cha mchana tayari. Basi tumemaliza. Ni hiyohiyo. Hili dude lichomoeni." Na kwa sababu hakuwa mtu wa kuagiza anachoweza kufanya mwenyewe, akainama akashika waya wa Geti.

"Usichomoe!" fundi akapiga kelele. "Shangazi yangu yumo humo!"

Mkubwa akabaki ameinama. "Humu?"

"Yeye na mtaa wake wote. Ule uliofutwa. Geti limelishika faili. Ukichomoa linaachia, na likiachia hawapo tena, wala hawakuwapo." Machozi hayakumsikiliza. "Mkubwa, nakuomba. Nitalitunza mimi. Hutalisikia."

Mkubwa akauachia waya, akajinyoosha kwa kushika kiuno. Hakuonekana kushangaa. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Ni ule mtaa wenye kinyozi mmoja kigugumizi?"

"Ndiyo huo."

"Bado ananyoa?"

"Ananyoa mpaka leo."

"Aisee," Mkubwa akasema, akajipapasa kisogo. "Tangu nipande cheo sijapata mtu wa kuninyoa vizuri. Hebu nionyesheni."

Akautazama mtaa kwenye skrini, akatoka kwa mlango wa nyuma na fundi nyuma yake. Kinyozi alimpokea kwa heshima, akamnyoa kwa utaratibu, akamkung'uta shingo. Mkubwa akatoka amependeza, akimeremeta kisogo, akipokea salamu huku na huku, na shangazi akamwita kutoka mlangoni.

"Wewe ndiye uliyetufuta?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, chai ipo."

Wakakaa. Fundi hakuweza kukaa, alisimama kando ya cherehani akikata kucha kwa meno. Shangazi akammiminia Mkubwa chai, akamwongezea sukari bila kumuuliza, akasubiri anywe.

"Mlitufuta bila kutuambia," akasema.

"Tungewaambia, mngekubali?"

"Hatungekubali."

"Si unaona mama? Ndiyo maana." Mkubwa alisema hivyo bila ubaya wowote, akichovya andazi. Lori likapita upande ule, vikombe vikatikisika, akakishika chake kwa mkono wa pili. "Lakini mbona mpo? Unashona. Kinyozi ananyoa. Watoto nimewaona wanaruka kamba. Mimi, kusema kweli, sioni aliyeumia."

"Maji hayaji."

"Maji yanafuata ramani."

"Taka zimejaa."

"Na gari la taka vilevile."

"Binti wa jirani atajifungua karibuni. Mtoto ataandikwa mzaliwa wa wapi?"

Mkubwa akatafuna, akameza. "Hilo ni la idara nyingine," akasema. "Andazi zuri sana hili."

Njiani kurudi fundi alimtazama kisogo kile kilichonyolewa akikisomea kila dua aliyoijua. Walipofika koridoni Mkubwa akasimama mbele ya Geti, akalipigapiga mgongoni kama anavyopigwa ng'ombe anayetoa maziwa.

"Lisiguswe," akasema. "Wachoraji watumie ile ya moja kwa moja. Hili libaki kwa ajili ya hao wa ndani. Mbili ziwepo. Kwani lazima nyumba iwe na mlango mmoja?"

Fundi aliruka. Aliruka kweli, miguu yote miwili, akamkumbatia Rula, akamkumbatia Kifutio, ambaye hakuzoea, akaanguka na kiti. Jioni hiyo habari ilipita kwenye foleni, na watu wakaingia mtaani mwao wakipiga vigelegele na ndoo zao kichwani, maji yakiwamwagikia na hakuna aliyejali. Shangazi akalishonea Geti kifuniko cha kitambaa cha pazia, chenye maua makubwa, na tundu nyuma ya kupumulia. Fundi akalifungia waya wake ukutani kwa vibano vya chuma. Akabandika karatasi, na karatasi ilisema ole wake atakayegusa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa nyumba inayoungua na kutoka bila hata kunuka moshi.

Siku chache baadaye Mkubwa akamwita ofisini kwake. Kifutio alikuwa amekaa tayari, mikono magotini. Juu ya meza palitandazwa ramani ya mji, na Mkubwa alikuwa ameweka vifuniko vya chupa za soda hapa na pale juu yake.

"Nimefikiri sana, fundi," alisema, na uso ulimng'aa. "Zamani kufuta mtaa ilikuwa balaa. Mabango, mawakili, kina mama wamelala mbele ya tingatinga. Mimi nilikuwa silali. Sasa hapana shida yoyote. Wewe unalifungua faili kwa Geti, Geti linalishika, ndipo Kifutio anafuta. Anayetaka uwanja anapata uwanja. Mwenye nyumba anabaki na nyumba. Nani atalia?"

Fundi aliviangalia vifuniko. Kimoja kilikaa juu ya makutano ya mafundi saa, kingine juu ya zahanati na nyumba zilizoizunguka, vingine hakuvitambua.

"Na hao hawataulizwa?" akasema.

"Wewe mwenyewe uliulizwa? Na si umefurahi?"

Fundi aliwaza kukataa, na alipowaza kukataa aliuona ule mkono wa Mkubwa ukishika waya, na nyuma ya waya akamwona shangazi na miwani yake puani.

"Geti litajaa," ndilo alilopata kusema.

"Liongezee kumbukumbu," Mkubwa akasema. "Nunua nyingi. Zuri ni hili, kwamba nimepata fundi mwenye huruma."

Akanunua. Akalifungua Geti, akapanga vipande vya kumbukumbu mpaka nafasi zikaisha, akalifunika tena kwa pazia lake la maua. Mara ya kwanza alipoushika mtaa wa watu asiowajua alizihesabu nyumba zake moja moja, akaenda chooni akanawa uso. Mara ya pili alinawa tu. Kifutio alikuwa mstaarabu, hakufuta hata mstari kabla ya kumpigia simu kuhakikisha. Kwenye ramani ya moja kwa moja mji ukawa mweupe, mpana, wenye nafasi za kuegesha, na wageni wa Mkubwa walisimama dirishani wakausifu usafi wake. Foleni ya koridoni ikatoka nje, ikakunja kona.

Ndani ya Geti mitaa haikuwa na barabara kuu za kuitenganisha, kwa hiyo ilikaa ilivyofika, bega kwa bega. Shangazi alifungua dirisha lake la nyuma asubuhi moja akakuta jiko la mtu, na ndani yake mama mmoja wa makamo anakaanga vitunguu. Wakasalimiana. Kabla ya adhuhuri walikuwa wameshabadilishana chumvi na habari za waume zao wote wawili, Mungu awarehemu. Zahanati ilitua mkabala na kinyozi, bila dawa, lakini mwuguzi alikuwapo, na binti wa jirani akajifungua salama mtoto wa kiume mwenye sauti kali, ambaye hakuandikwa popote.

Jumapili fundi alikwenda kula kwa shangazi. Alifika na ndoo mbili za maji, akakuta mapazia yamejaa mpaka dari. Kila aliyeletwa alikuwa akitaka mapazia mazito, kwa sababu usiku taa za malori zilipenya kuta.

"Sijapata wateja hivi tangu nianze kushona," shangazi akasema, akicheka peke yake, akimpakulia. "Kuna mwalimu, kuna mafundi saa, kuna yule mama wa vitunguu, mcheshi huyo! Jana tumecheka mpaka nikaomba nipigwe mgongo. Nimewaambia wote, ni binti wa kaka yangu huyu anayetuleta. Wanakuombea, mwanangu. Mtu kama wewe hayupo."

Fundi akala. Chakula kilikuwa kitamu, mtoto mchanga alikuwa analia nyumba ya pili, na nje watoto wa mitaa mitatu walikuwa wakigombana juu ya mpira mmoja kwa furaha kubwa. Simu ikaita. Ilikuwa ni Kifutio, ambaye Mkubwa alikuwa amemwita kazini hata Jumapili.

"Samahani kukusumbua, dada," alisema. "Ni lile faili la nyuma ya maktaba. Umeshalishika?"

Mdomo wake ulikuwa umejaa. Akatafuna kwanza, akameza.

"Nimelishika," akasema. "Futa."

Kisha akamsogezea shangazi kikombe, akaomba aongezewe chai.